Tulimshangilia Kipa wa Watu

Pasiansi, Mwanza
Jumatatu jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika kwa herufi kubwa makusudi ili uisome bila kuhangaika na miwani. Hujambo lakini? Goti linasemaje na mvua hizi? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi akuletee, safari hii umeitumia mwenyewe au umeigawa tena kwa wanakwaya wenzako? Na mnyauko, umeishia kwenye migomba ya jirani au umeshavuka uzio? Nijibu yote, usiniandikie "sisi wazima" halafu ukanyamaza kama kawaida yako.

Sisi huku hatujambo. Mkweo Masanja ni mzima, na mdomo wake mzima. Mimi niko palepale kiwandani, nakata minofu ya sangara tangu asubuhi, miguu kwenye maji ya barafu, na jioni vidole vinakuwa vimekufa ganzi hata kifungo cha gauni siwezi kukifungua. Kikohozi kimepungua. Samaki wiki hizi wanakuja wachache, na wakija wachache na sisi tunaitwa siku chache. Lakini sikuandikii kwa ajili ya hilo.

Nakuandikia habari ya Deo.

Ulinikataza nisikupigie simu. Ulisema habari ya mtoto haisemwi kwenye kitu kinachokatika katikati ya neno, niiandike uisome mara mbili. Basi kaa chini, epua kwanza hizo ndizi, maana barua hii si ya kusoma umesimama.

Unakumbuka ulivyonituma nilipokuja Kamachumu. Ulisema, "Mtafuteni huyo mtoto. Hata kama hataki kuongea, mtazameni usoni, mniambie kama bado ni wetu." Nilirudi Mwanza na maneno hayo yananikaa kifuani. Maana yote yaliyotokea tunayajua. Dada Edi alifia kule Amerika, tukamzika hapo kwenye kibanja, katikati ya migomba yetu, na mwanawe huyo mmoja tu hakuja kwa sababu karatasi zake zilikuwa hazijakamilika, angetoka asingerudi. Halafu siku ileile ya mazishi Mjomba Pastory akachukua simu, na hasira zake, akamwambia mtoto aliyefiwa, "Asiyemtupia mama yake udongo hana kwao." Mdogo wako huyo, Mama, mimi nampenda, lakini siku ile ningekuwa na uwezo ningemnyang'anya ulimi. Tangu siku hiyo Deo hajapokea simu ya mtu wa ukoo wetu. Inaita mpaka inachoka. Na wewe umekataa kuanua matanga mpaka aje, na watu wanasema, na wewe unawaacha waseme.

Sasa sikiliza. Yule Mama Neema, Mchaga aliyekuwa rafiki wa marehemu kule kule, alinitumia ujumbe wiki iliyopita. Yeye amehamia jimbo jingine, na hata yeye Deo hamjibu. Ila alisema kijana yuko hai, yuko chuoni mwaka wa mwisho, na anachezea timu ya chuo. Anacheza mpira wa magongo, lakini si ule wa kwenye nyasi, ni wa juu ya barafu. Ni kipa. Akasema Jumamosi chuo chao kinacheza na watani wao wa jadi, vyuo viwili vimetenganishwa na mto tu, watu wa upande huu hawataki hata kuoa upande ule, na mechi itaonyeshwa kwenye mtandao, mtu yeyote duniani anaweza kuiangalia. Akanitumia na pa kubonyeza.

Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu, Mama. Mimi barafu naijua. Naikoroga kwa koleo kila siku. Kumbe huko kuna watoto wanaipanda juu na kuitelezea, na mmoja wao ni wa kwetu!

Kwao ilikuwa adhuhuri, kwetu tumeshakula ugali na sato. Masanja aliunganisha simu na televisheni kwa waya, akajiona injinia. Mjomba Pastory nilimwalika, akasema hawezi kwenda kumwangalia mtoto asiye na adabu akiteleza. Nikamwambia kuna sato. Akaja, tena na koti lake la kanisani. Akaketi kiti cha mlangoni, kama mtu anayepita tu.

Picha ikatokea safi. Mama, ni uwanja mweupe wote kama unga, umezungushiwa ukuta wa kioo, na watu wamejaa mpaka juu wanapiga kelele. Wachezaji wamevaa viatu vya visu. Hawachezi mpira, wanagombea kisahani kidogo cheusi kinachokwenda kasi jicho halikioni. Masanja, Msukuma wa watu, alivyoona magongo akasema, "Hawa wote walikuwa wachungaji." Mmoja akamgonga mwenzake ukutani, mwamuzi akampulizia filimbi, wakampeleka kwenye kachumba ka kioo akae peke yake. Masanja akasema kumbe wenzetu ukipiga mtu vizuri unapewa kiti upumzike.

Makipa walikuwa wawili, mmoja ana jezi nyekundu, mwingine nyeupe. Wote wana kofia za chuma zimefunika uso mzima, na miguu imefungwa magodoro, na mkono mmoja una glavu kubwa kama ungo. Uso huuoni. Namba hatukuijua, Mama Neema hakuisema. Lakini hatukupata shida hata kidogo. Ile picha ya Deo uliyoibandika sebuleni kwako, aliyoileta marehemu safari ya mwisho, si amevaa nyekundu? Basi. Tukamchagua mwekundu.

Mama, tulimtazama yule mtoto! Mjomba Pastory alisogeza kiti. Akasogeza tena. Akasema, "Muone anavyoinama. Huyo ni baba yetu anapalilia migomba. Huyo ni baba kabisa." Na mimi nikaona. Naapa niliona mabega ya dada Edi, lile la kushoto limeshuka kidogo, kama alivyokuwa akibeba ndoo. Kila kisahani alichokizuia nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Mjomba alisema, "Damu haipotei hata ukiitia kwenye barafu." Masanja akamjibu, "Ninyi Wahaya, hata kusimama golini mnajisifia." Tukacheka. Sijacheka hivyo tangu msiba.

Mchezo wao una vipande vitatu. Katika kipande cha pili wekundu wakafunga bao. Kisahani kilimpita kipa mweupe chini ya mguu, akabaki amepiga magoti pale, ameinamisha kichwa. Mama, mimi nilipiga vigelegele! Nilisimama nikapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Mjomba alimpa Masanja mkono. Tukamcheka yule kipa mweupe, Masanja akasema mwanamume gani anapiga magoti kwa bao moja, mama yake amemlea kwa mayai.

Halafu mchezo ukasimama kidogo, na yule kipa mwekundu akasogea kwenye goli, akachukua chupa ya maji, akaipandisha kofia yake juu. Kamera ikamsogelea mpaka akajaa televisheni yote.

Alikuwa Mzungu. Ana ndevu za rangi ya mahindi na pua nyekundu kwa baridi. Akanywa maji, akatema, akashusha kofia.

Nilimwangalia Mjomba, naye anaiangalia televisheni kama vile inaweza kubadilisha maneno. Masanja ndiye aliyesema, tena kwa upole ambao sikuutegemea kwake, "Basi wetu ni yule mweupe." Kumbe wanabadilisha jezi, wakiwa kwao wanavaa nyingine na ugenini nyingine, na watani wao nao ni wekundu. Sisi tungejuaje? Lakini kujua au kutojua, Mama, lile bao lilimwingia mtoto wetu, akapiga magoti, na watu wa kwao walikuwa wanamcheka na kumpigia vigelegele. Mimi mama yake mdogo, na mama mdogo ni mama, ndiye niliyeanza. Nimejiambia mara nyingi kwamba hakusikia. Haisaidii.

Basi tukahamia kwa mweupe. Hatukumwona babu kwa yeyote tena, wala bega la mtu. Tena kamera haikumpenda, inamwonyesha kwa mbali, inaondoka, nasi tunaibembeleza irudi. Wenzake walisawazisha bao upande wa pili, tukaogopa hata kushangilia. Halafu jitu moja la wekundu likaja mbio likamvaa, akaanguka chali, goli likang'oka likamfuata. Nilishika mkono wa Masanja. Deo alilala pale. Wakamzunguka. Mimi naita, "Amka, baba, amka," naiita televisheni. Mama, sijui kama kuna mateso makubwa kuliko kumwona mtoto ameanguka mbele ya macho yako na huwezi hata kumpelekea maji. Mjomba alisimama akaenda mpaka kwenye kioo cha televisheni, karibu kabisa, akaweka kidole pale alipolala. Masanja hakumwambia atoke.

Aliamka. Alijipukuta barafu, akarudi kwenye goli lake. Muda ulikuwa umebaki kidogo. Kisahani kikagonga mguu wa mwenzake kikageuka kikaingia. Si kosa lake, nakuapia, hata Masanja amesema si kosa lake. Wakashindwa na watani wao, nyumbani kwao, mechi ya mwisho.

Nilidhani watazima. Lakini wakatandika zulia juu ya barafu, na mtangazaji akaanza kusoma majina. Mimi Kiingereza changu ni cha darasani na cha kiwandani, lakini hapo alisoma polepole nikafuata. Ni desturi yao, vijana wanaomaliza chuo wanaagwa siku ya mwisho. Akiitwa jina, kijana anapita kwenye zulia na baba na mama yake, mama anapewa maua, wanapigwa picha, watu wanashangilia. Ni kama sendofu zetu, MC anapoita ndugu wa upande wa mama wasimame, na sisi tunavyotoka na vigelegele hata asiyealikwa. Akaitwa wa kwanza, wazazi hao. Wa pili, wazazi, na bibi amekalia kiti cha magurudumu, wamemsukuma mpaka kwenye barafu.

Akaitwa Deo.

Alikuja peke yake. Kofia ameivua, ameishika kwapani. Sasa nikujibu, ulisema tumtazame usoni: amekonda. Mashavu yameingia ndani. Nywele zimelowa jasho. Paji la uso ni la Edi, na mwanya ni wa Edi, hapo hakuna wa kudanganywa tena. Kumbe maua alishapewa mkononi, akampe mtu. Alisimama katikati ya zulia na maua kwenye ile glavu kubwa, akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Wengine wote walikuwa watatu watatu. Yeye mmoja.

Na mtangazaji akasoma karatasi. Mama, soma hapa taratibu. Wale vijana wanaandika wenyewe cha kusomwa, mtangazaji alisema hivyo tangu mwanzo. Akasoma: "Mtoto wa marehemu Ediltruda, mjukuu wa bibi yake. Kwao ni Kamachumu, Tanzania."

Hakuandika mji aliokulia. Kamachumu alifika mara moja tu, akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Mzungu wa watu aliitamka Kamachumu kwa taabu, lakini aliitamka, na uwanja mzima ukasimama ukapiga makofi.

Mjomba Pastory akasimama. Alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, akanyoosha mikono chini kama wakati wa Injili. Akasema kwa sauti kubwa, "Tupo! Ndugu zake tupo hapa!" Na mimi nikasimama, na Masanja akasimama. Nilitaka kupiga vigelegele, nikakumbuka vile vya kwanza. Deo bado amesimama, anatazama huku na huku na maua yake. Mjomba akamgeukia Masanja, akamwambia, "Baba, mwambie basi. Si umeunganisha wewe? Mwambie tupo."

Masanja akasema, "Mjomba, hii ni ya kuangalia tu."

Kisha wakamwita kijana mwingine, na kamera ikaondoka. Sijui maua alimpa nani.

Mjomba aliomba simu yangu. Nikampigia namba ya Deo. Ikaita mpaka mwisho kama siku zote, halafu ile sauti ya mashine ikasema kwa Kiingereza acha ujumbe baada ya mlio. Nikamweleza Mjomba, sasa sema, anasikia baadaye. Akakaa vizuri, akaishika simu kwa mikono miwili. Akaanza: "Deogratias, mwanangu, hujambo? Mimi ni babu yako Pastory. Habari za huko? Za masomo? Baridi inaendeleaje? Wenzako unaokaa nao wote wazima? Umekula? Sisi huku hatujambo, bibi yako hajambo, ni goti tu, migomba imeshikwa na mnyauko lakini siyo yote, mama yako mdogo huyu hapa na mumewe..." Mashine ikalia, ikakata.

Akanitazama. "Nilikuwa sijafika," akasema.

Nikampigia tena, nikamwambia, "Mjomba, safari hii anza na samahani." Aling'aka! "Nimwombe mtu msamaha sijamjulia hali? Mimi mhuni?" Akaanza upya, hujambo, habari za huko, sasa anakimbiza maneno, na alipofika kwenye migomba ikakata tena. Mara ya tatu mashine ikasema nafasi imejaa. Mjomba alinirudishia simu, akavaa kofia yake. Mlangoni akasema neno moja tu, "Lile neno nililolisema siku ya mazishi lenyewe halikukatika." Nilimsindikiza mpaka barabarani.

Tangu Jumamosi nampigia Deo, haipokelewi. Nimemwandikia kwamba tulimwona. Sijui kama ataamini, watu husema mengi. Nikiwa kiwandani nasimama kwenye barafu, namfikiria, naangalia mikono yangu hii inayojua kazi zote na haina la kufanya.

Nisalimie shangazi Stella, mwambie kitambaa cha kitenge nimekipata ila si rangi ile. Msalimu Padri, na katekista anayekusomea matangazo. Wajukuu zako wote wanaosoma hapo, shikamoo zao za uongo unipokelee, uwajibu marahaba kwa niaba yangu. Dada Edi mpitie hapo kwenye kibanja, mwambie mwanawe alisomwa kwa jina lake mbele ya watu. Na wale wanaokusema kwa sababu ya matanga, waache waendelee kusema. Usianue.

Uliniuliza kama bado ni wetu. Ni wetu, Mama, kaandika mwenyewe. Yeye ndiye hajui kama sisi ni wake. Alichonacho mkononi ni salamu tu za mtu aliyemkosea, mara mbili, mpaka kwenye migomba. Tuombee asizifute.

Mimi binti yako, ninayekupigia magoti kutoka upande huu wa ziwa,

Leokadia